Cyril Crossland, aliyewapa majina minyoo wa pwani

Katika tope la mikoko la Unguja anaishi mnyoo wa baharini ambaye wanasayansi wa dunia nzima humtambua kwa jina la Marphysa macintoshi. Alielezwa mwaka 1903 na Mwingereza Cyril Crossland. Ni wa ukoo mmoja na minyoo ambao wavuvi huwachimba kwa chambo.

Crossland alizaliwa mwaka 1878 na kusoma Cambridge. Mwaka 1901 alikuwa Zanzibar, wakati ambapo Kamishna wa Uingereza Afrika Mashariki alikuwa Sir Charles Eliot, mtawala aliyekuwa pia bingwa wa konokono wa baharini wasio na gamba. Hadi mwaka 1902, Crossland alikusanya viumbe Unguja, Pemba na pwani ya bara, pamoja na kuchunguza matumbawe.

Baada ya kukusanya, kazi ngumu zaidi ilikuwa kutofautisha. Minyoo hawa hufanana mno kwa macho. Aina moja hutengwa na nyingine kwa hadubini, kwa kutazama taya, matamvua na umbo la nywele ngumu zilizo miguuni.

Majina nayo yana siasa yake. Macintoshi ni heshima kwa McIntosh, mtaalamu wa minyoo wa Uskoti. Mnyoo mwingine wa Zanzibar, Phyllochaetopterus elioti, alipewa jina la kamishna. Wenyeji waliozijua fukwe hizo kabla ya wageni hawamo katika majina hayo mawili.

Baadaye Crossland alihamia Bahari ya Shamu. Huko Dongonab, Sudan, alisimamia kwa miaka mingi ufugaji wa chaza wa lulu wa serikali, na kuanzia mwaka 1930 aliongoza kituo cha utafiti wa bahari cha Ghardaqa, Misri. Alistaafu mwaka 1938 na kufariki Copenhagen mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani.

Kazi aliyoianza haijaisha. Watafiti wa leo wanagundua kwamba baadhi ya minyoo waliodhaniwa kuwa aina moja iliyoenea duniani kote ni aina nyingi tofauti, kila moja na bahari yake. Kwa nchi zinazogawana mwambao mmoja, hilo ni jambo zito: aina isiyotambuliwa inaweza kuchimbwa hadi iishe bila mtu yeyote kujua kilichopotea.