Maisha ya Bibi Jean Purdy, Muuguzi

Mtoto akizaliwa salama daktari husifiwa, na muuguzi husahauliwa. Ndivyo ilivyompata Bibi Jean Purdy.

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1945 mjini Cambridge, Uingereza, akasomea uuguzi katika hospitali ya Addenbrooke's mjini humo. Mwaka 1968 aliajiriwa na Robert Edwards, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyetafuta njia ya kuwasaidia wanawake walioziba mirija ya uzazi.

Huko Oldham, Daktari Patrick Steptoe aliyatoa mayai ya wanawake hao. Edwards na Jean waliyaunganisha na mbegu za kiume katika maabara. Wakati huo kazi hiyo haikuwa na shule wala mtihani. Jean alijifunza kwa kuitenda: alitayarisha maji ya kulelea mayai, akaandika kumbukumbu, akawatuliza akina mama. Mama yake mzazi alipougua naye akaenda kumwuguza, kazi yote ilisimama mpaka aliporudi.

Mwezi wa Novemba 1977 ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwa darubini yai likigawanyika, na kutokana nalo alizaliwa Louise Brown tarehe 25 Julai 1978, mtoto wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili. Mwaka 1980 watatu hao walifungua hospitali ya Bourn Hall.

Wakubwa wa afya wa Oldham walipoandaa kibao cha kumbukumbu, Edwards aliwaandikia mwaka 1981 akitaka jina la Jean liwemo sawa na yao. Hawakukubali. Jean alifariki kwa saratani tarehe 16 Machi 1985, akiwa na miaka 39, akazikwa Grantchester. Mwaka 2010 Edwards alipewa Tuzo ya Nobel, ambayo marehemu hapewi. Mwaka 2015 ndipo kibao chenye majina yote matatu kilipowekwa.

Mwaka ule aliofariki Jean, Edwards na wenzake walianzisha chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya. Leo chama hicho huwatahini wauguzi na wakunga wanaohudumia wasiopata watoto, na wanaofaulu hupewa cheti.

Wengine hudhani cheti ni pambo la ukutani. Sivyo. Humhakikishia mgonjwa kwamba yuko katika mikono iliyofundishwa, na humpa mtenda kazi jina lake. Jean aliifanya kazi hiyo kabla cheti chake hakijabuniwa.