Maisha ya Abdurrahman as-Sufi, Mwanachuoni wa Nyota

Abu l-Husein Abdurrahman bin Omar as-Sufi alizaliwa katika mji wa Rayy, nchi ya Uajemi, mwezi wa Muharram mwaka wa 291 wa Hijra, nao ni mwaka wa 903 wa Miladi. Alikuwa mtu wa hesabu na falaki, akapata daraja kubwa kwa mfalme Adhudu d-Daula wa Shiraz. Mfalme huyo alikuwa akijifakhari kwa walimu wake, na katika elimu ya nyota akimtaja as-Sufi.

Zama zile watu wa falaki walikitegemea kitabu cha Batlimusi wa Iskandaria, kilichokwisha pata umri wa miaka kama 800. Wengi walinakili hesabu zake wasiinue macho juu. As-Sufi hakuridhika na hayo. Alizitazama nyota moja moja, akaipima nuru ya kila moja katika daraja sita, na pale jicho lake lilipokhitalifiana na kitabu, aliandika alichokiona. Wala hakumvunjia heshima aliyemtangulia. Alijenga juu ya msingi wake.

Yapata mwaka 964 alitunga Kitabu cha Sura za Nyota Zilizothibiti. Ndani yake mna makundi 48, na kila kundi lina picha mbili: moja kama lionekanavyo mbinguni, na ya pili kama lichorwavyo juu ya tufe.

Katika kundi la Jauza iko nyota nyekundu begani. As-Sufi alihifadhi majina yake ya Kiarabu: Mankibu l-Jauza, yaani bega, na Yadu l-Jauza, yaani mkono. Wazungu walipofasiri vitabu kwa Kilatini, nukta mbili za herufi ya yee zilisomwa moja, ikawa bee. Kwa hiyo leo huiita Betelgeuse.

Ewe msomaji wa Ndundu, ukitaka kuiona, toka usiku wa mwezi wa Januari uzitafute nyota tatu zilizo safu moja. Yenyewe iko kaskazini yake. Manahodha waliochukua boriti kutoka Rufiji hata Arabuni walishika njia kwa nyota za mbingu hizi hizi.

Ama wataalamu waliokuja baadaye, John Herschel aliona mwaka 1836 kwamba nuru yake huzidi na kupungua. Mwaka 1920 Michelson na Pease waliupima upana wake katika mlima Wilson, California, kwa vioo vilivyounganisha nuru yake. Ni kubwa hata lau ingewekwa mahali pa jua, ingeimeza Zuhura, Ardhi na Mirihi. Nuru yake ikichambuliwa rangi kwa rangi, hujulikana kuwa uso wake una joto dogo kuliko la jua, na ndiyo sababu ya wekundu wake. Mwisho wa 2019 hata mwanzo wa 2020 ilififia, kila mtu akaona kwa macho matupu. Wataalamu wakapata kuwa imetoa vumbi lililoifunika.

Basi nyota hubadilika, na kwa hiyo khabari iliyoandikwa kwa uaminifu miaka elfu nyuma ina thamani kubwa. Lau as-Sufi angalinakili tu, tusingalijua mbingu ya zama zake ilikuwaje.

Alifariki mwaka wa 376 wa Hijra, yaani 986. Ulugh Beg wa Samarkandi alikitumia kitabu chake katika karne ya 15, na shimo moja la mwezini limepewa jina lake. Mwenyezi Mungu amrehemu.