Tingatinga, mtunza bustani aliyejua kutazama



Ukitaja neno tingatinga hapa Kasulu au Kibondo, wengi watafikiria ile mashine kubwa ya kuchonga barabara. Wachache watakumbuka kwamba ni jina la mtu, na kwamba zile picha za simba, tembo na ndege wanunuazo watalii zimepata jina lake. Dominika hii tumtafakari mtu huyo, kwa maana maisha yake yanatuuliza swali moja: tukimtazama kiumbe wa Mungu, je, tunamwona?

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo, na jina lake likabeba pande zote mbili. Wazazi walikuwa wakulima wa hali ya chini, na shuleni alikaa miaka michache tu. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge.

Hapo maisha yake yanakutana na yetu. Babu zetu wengi wa Buha nao waliondoka Kasulu na Kibondo kwenda huko huko Tanga kukata mkonge. Waliitwa manamba, kwa kuwa katika daftari la mwajiri kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Bwana Yesu alijifananisha na mchungaji anayewaita kondoo wake kwa jina, mmoja mmoja. Dunia ilimpa mfanyakazi namba, lakini kwa Mungu jina lake halikufutika.

Kutoka Tanga alihamia Dar es Salaam, kwa ndugu yake wa upande wa mama. Alipata kazi katika nyumba ya ofisa mmoja Mwingereza, akihudumia nyumba na bustani. Wenye nyumba za namna ile hawakuwa na desturi ya kumuuliza mtunza bustani anawaza nini. Lakini kazi ya bustani, kama wajuavyo akina mama wa kwetu wanaopalilia maharage chini ya migomba, humfundisha mtu kutazama. Anayeinama juu ya udongo kila siku anamjua kipepeo, nyuki, na yule ndege mdogo anyonyaye maua. Anajua ni mdudu yupi anayeharibu mmea na ni yupi asiye na kosa. Haui ovyo, kwa sababu ametazama kwanza.

Baada ya Uhuru kazi ile iliisha, naye akahangaika na vibarua vya mjini. Hatimaye, mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, alianza kuchora. Hakupita chuo chochote cha sanaa. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua mbao nyembamba za dari, akazikata mraba, akapaka rangi za mafuta zilizouzwa madukani kwa ajili ya kupakia baiskeli. Juu ya rangi moja ya nyuma aliweka mnyama mmoja au ndege, akamjaza madoa na mistari, na kumpa jicho kubwa linalokutazama. Picha hizo aliziuza nje ya duka, kwenye eneo la Morogoro Stores, Oyster Bay. Baadaye alipata pia kazi ya uhudumu katika Hospitali ya Muhimbili, lakini hakuacha kuchora.

Jambo jingine tulione. Biashara ilipoanza kumletea riziki, hakuificha. Aliwaita vijana wa ukoo na wa nyumbani kwao kusini, akina January Linda, Adeusi Matambwe, Ajaba Abdallah Mtalia, Casper Tedo na Simon Mpata, akawafundisha. Katika mfano wa talanta, mtumishi mwoga alifukia alichopewa ardhini. Huyu alipewa kidogo, akakigawa.

Mwaka 1972, usiku mmoja jijini Dar es Salaam, alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake. Polisi walidhani gari lile ni la wezi wanaokimbia. Wakafyatua risasi. Tingatinga akafa, akiwa na umri wa miaka 40 hivi, baada ya miaka minne tu ya kuchora. Mtu aliyekuwa na subira ya kumtazama ndege hadi amjue, aliuawa na watu ambao usiku ule hawakuchukua nafasi ya kumtazama yeye.

Ndugu zangu, tusiwahukumu askari wale kwa wepesi tukajisahau. Ni mara ngapi kelele ya mwizi inapigwa sokoni, na kabla ya mtu kuuliza jina la aliyekamatwa, mawe yameshaokotwa? Ni mara ngapi mgeni, au mkimbizi wa Nyarugusu au Nduta, anapopita kijijini, tumemaliza hukumu kwa kuona nguo zake tu? Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese, hata yeye nabii alivutwa na sura ya mtoto mkubwa. Daudi alikuwa malishoni, hakuna aliyekumbuka kumwita. Mungu alikuwa amekwisha kuuona moyo wake.

Wale vijana wa Tingatinga hawakutawanyika. Waliendelea kuchora pamoja, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Hadi leo familia nyingi zinakula na kusomesha watoto kwa kazi iliyoanza na kipande cha ubao wa dari.

Wiki hii basi, katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tujipe zoezi moja. Kila mmoja amtafute mtu ambaye amezoea kumpita: kibarua wa shambani, binti wa kazi, kijana anayechora ukutani kwa mkaa na kugombezwa. Amuulize jina lake, na amsikilize. Na siku kelele ya mwizi itakapopigwa, awepo Mkristo mmoja atakayesimama katikati na kusema tumtazame kwanza mtu huyu, kisha tumpeleke mbele ya sheria akiwa hai.

Nawatakia Dominika njema.