H. W. Fowler (1858–1933) na Mahali pa Neno katika Sentensi

Henry Watson Fowler alizaliwa tarehe 10 Machi 1858 mjini Tonbridge, Kent, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanane. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu. Fowler alisoma Rugby School, kisha Balliol College, Oxford, ambako alijifunza Kigiriki na Kilatini kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa tabaka lake, lakini hakupata daraja la kwanza. Mwaka 1882 aliajiriwa Sedbergh, shule ya bweni kaskazini mwa Uingereza, akafundisha huko kwa miaka 17.

Namna alivyoondoka Sedbergh yaeleza mengi kuhusu vitabu alivyokuja kuandika. Mwalimu aliyetaka kupewa usimamizi wa bweni alipaswa kuwaandaa wavulana kwa kipaimara. Fowler hakuwa muumini, na hakukubali kufundisha jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliamini. Mwaka 1899, akiwa na umri wa miaka 41, alijiuzulu na kuhamia London, akaishi kwa kuandika makala na kwa urithi mdogo. Makala hayo hayakumletea sifa, na leo husomwa na wachache mno.

Mwaka 1903 alihamia kisiwa cha Guernsey, alikokuwa akiishi mdogo wake, Francis George, mkulima wa nyanya. Ndugu hao wawili walikaa katika nyumba za jirani na kuanza kufanya kazi pamoja. Kwanza walifasiri maandishi ya Lucian kutoka Kigiriki, tafsiri iliyotoka mwaka 1905. Mwaka uliofuata wakatoa The King's English, kitabu kilichokusanya makosa ya sentensi kutoka magazetini na hata kutoka kwa waandishi wenye heshima zao, kisha kikaonyesha kosa lilipo na namna ya kulitengeneza. Si jambo la kubahatisha kwamba watu hao walikuwa wafasiri kabla ya kuwa walimu wa matumizi ya lugha. Mfasiri hana pa kujificha, kwani kila kishazi humlazimu aamue kinafungamana na neno gani.

Katika kitabu hicho ndimo ulimoanza ubishi uliolifanya jina la Fowler lidumu, nao ni ubishi juu ya vishazi rejeshi. Chukua sentensi "The books that were wet were thrown away". Hapa vilivyotupwa ni vile tu vilivyolowa, na huenda vingine vilibaki rafuni. Sasa chukua "The books, which were wet, were thrown away". Hapa vitabu vyote vilitupwa, na habari ya kulowa imeongezwa tu. Tofauti kubwa namna hiyo ya maana imebebwa na kiunganishi kimoja na mikato miwili. Waandishi wa Kiingereza, tangu zamani hadi leo, hutumia "which" katika sentensi za aina zote mbili, nao mkato huwaponyoka mara kwa mara. Ndugu hao wakapendekeza kazi igawanywe: "that" ibaki na kishazi kinachobainisha, na "which" ichukue kile kinachoongeza habari.

Anayefasiri kwenda Kiswahili hana budi kulitazama jambo hili kwa uangalifu. "Vitabu vilivyolowa vilitupwa" humpeleka msomaji kwenye maana ya kwanza. Kubadili kuwa "vitabu ambavyo vililowa" hakumtoi huko, kwa kuwa amba- haitenganishi aina hizo mbili za kishazi. Mfasiri mwenye sentensi ya pili mkononi mara nyingi hulazimika kuivunja: vitabu vyote vilitupwa, kwani vilikuwa vimelowa. Katika mkataba au katika sheria, anayeshindwa kuona mkato wa Kiingereza aweza kumnyima mtu haki yake bila kukusudia.

Fowler alioa siku alipotimiza miaka 50, akamwoa Jessie Marian Wills, muuguzi. Mwaka 1911 yeye na mdogo wake wakatoa Concise Oxford Dictionary, kamusi ambayo ingetosha kuwa kazi ya maisha ya mtu. Vita vilipozuka, wote wawili walijiandikisha jeshini mwaka 1915. Henry alikuwa na miaka 57, naye akapunguza umri wake kwa zaidi ya miaka kumi ili akubaliwe. Huko Ufaransa hawakupelekwa kupigana. Walipewa kazi za jikoni na za kibarua, wakalalamika rasmi kwamba sicho walichojitolea kufanya. Henry alirudishwa nyumbani kwa sababu ya afya. Francis alipata kifua kikuu jeshini, akafariki mwaka 1918.

Kitabu walichokuwa wamekipanga pamoja kilibaki mikononi mwa mtu mmoja. Kilitoka mwaka 1926 kwa jina A Dictionary of Modern English Usage, kikiwa kimetabarukiwa kwa marehemu Francis. Kimepangwa kama kamusi, lakini baadhi ya vidahizo vyake ni majina ya kejeli ambayo msomaji hawezi kuyakisia maana mpaka asome. Ni kitabu cha kusomwa kitandani kuliko cha kutafutiwa neno kwa haraka, na hilo ni sifa na kasoro kwa wakati mmoja.

Wanaomchukulia Fowler kuwa askari wa sarufi elekezi hawajamsoma vya kutosha. Hakika alikuwa mkali kwa vishazi visivyo na mwenyewe, kama katika "Walking to the market, the rain caught us", ambapo sarufi yaelekea kusema kuwa mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea. (Kiswahili kina kinga yake hapa: katika "tukienda sokoni, mvua ilitukuta", kiambishi tu- kimekwisha kumtaja mwendaji.) Lakini aliwacheka waliokataza kihusishi kukaa mwisho wa sentensi. Aliwacheka pia waliokimbiza kielezi mbali na kitenzi chake kwa hofu ya kuitenganisha "to" na kitenzi, wakazaa sentensi mbovu kuliko ile waliyoiogopa.

Kuhusu "only", aliwatetea wasemaji wa kawaida. Anayesema "I only saw her on Tuesday" hamchanganyi mtu, ingawa mwenye kupima kila kitu kwa mantiki angetaka "only" isogee mbele ya "on Tuesday". Fowler aliona kwamba pale pasipo utata, neno liachwe mahali ambapo lugha imelizoesha kukaa. Mwanafunzi Mswahili huhitaji kufundishwa jambo hili waziwazi, kwa kuwa "tu" yetu hufuata kile inachokiwekea mpaka, nayo haina uhuru wa namna hiyo.

Hata pendekezo la "that" na "which" alilitoa akikiri kwamba hiyo siyo desturi ya waandishi wengi, wala hata ya waandishi bora. Wahariri wa Marekani ndio walioligeuza kuwa kanuni, na siku hizi programu za kusahihisha maandishi huipigia mstari "which" isiyo na mkato kana kwamba ni kosa la tahajia. Wanaisimu nao hawakumwachia hivihivi. Otto Jespersen wa Denmark alipambana naye kwa maandishi katika miaka ya 1920 kuhusu maumbo ya -ing, na kwa ushahidi wa matumizi, Jespersen ndiye aliyekuwa na hoja nzito zaidi. Fowler aliijua lugha kwa sikio na kwa usomaji mpana. Hakuwa mtafiti.

Mwaka 1925 alihamia Hinton St George, kijiji cha Somerset. Mkewe alifariki mwaka 1930, naye akaendelea na kazi ya kamusi nyingine kubwa ambayo hakuimaliza. Alifariki kijijini hapo tarehe 26 Desemba 1933. Kitabu chake kilihaririwa upya na Ernest Gowers mwaka 1965, aliyekigusa kwa mkono mwepesi, na tena na Robert Burchfield mwaka 1996, aliyekiandika karibu upya kwa kufuata matumizi yaliyokusanywa. Wasomaji wengi walinung'unika, wakarudi kununua toleo la 1926.