Mwenyeheri Irene Stefani: Mama wa Huruma kwa Wagonjwa Maskini

Tarehe 31 Oktoba tunakumbuka siku aliyofariki Mwenyeheri Irene Stefani, sista mmisionari ambaye Wakikuyu wa Kenya walimpa jina la Nyaatha, yaani mama wa huruma. Wengi wetu hapa Babati tunamfahamu kama mwenyeheri wa Kenya. Hata hivyo, sehemu kubwa ya upendo wake ilipimwa katika ardhi yetu ya Tanzania, kando ya vitanda vya wagonjwa waliosahauliwa na wote.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, akabatizwa kwa jina la Aurelia. Mwaka 1911 alijiunga na Shirika la Masista Wamisionari wa Consolata, lililoanzishwa mjini Turin mwaka mmoja tu kabla na Mtakatifu Giuseppe Allamano. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mapema mwaka 1915 akawasili Kenya.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuwaka. Mizigo ya majeshi ilibebwa vichwani na wapagazi Waafrika, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi chao. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kuanzia mwaka 1916 hadi 1919, Sista Irene aliwahudumia Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Aliosha vidonda vyao, aliwalisha wasioweza kuinua mkono, aliwafundisha imani na kuwabatiza walioomba. Inasimuliwa kwamba huko Kilwa alikuta kitanda cha mgonjwa mmoja kikiwa kitupu, akaambiwa kwamba amekufa na mwili wake umepelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine. Alikwenda kumtafuta kati ya miili ile, akamkuta angali anapumua, akambatiza. Kwa wakubwa wa vita, mpagazi alikuwa namba katika daftari. Kwa Irene, alikuwa mtu anayestahili kutafutwa.

Mwaka 1920 alitumwa Gikondi, katika eneo la Nyeri. Kwa miaka kumi alifundisha shule, alipanda na kushuka vilima kwa miguu kuwatembelea wagonjwa, na aliwaandikia barua akina mama wasiojua kusoma ambao wana wao walikuwa wamekwenda mbali kutafuta kazi.

Mwezi Septemba 1930, wakati wa mafungo, aliomba ruhusa ya kumtolea Mungu maisha yake kwa ajili ya misioni. Wiki chache baadaye ugonjwa wa tauni uliikumba Gikondi. Miongoni mwa walioupata alikuwamo mwalimu mmoja aliyekuwa amempinga na kumsumbua. Irene hakuuliza iwapo alistahili. Alimwendea, akamuuguza kwa mikono yake, akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39.

Hapa tutue kidogo. Katika Jumuiya zetu tunawatembelea wagonjwa, tunawapelekea uji na sala, tunachanga nauli ya kwenda Mrara au Dareda. Ni jambo jema. Lakini tukijichunguza, mara nyingi tunakwenda kwa wale ambao nao watakuja kwetu. Je, yule tuliyekosana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, au aliyetusema vibaya mbele ya wanajumuiya, akilazwa leo, nani kati yetu atabisha hodi mlangoni kwake? Bwana, atakapotuhukumu kwa tulivyowatendea wagonjwa, hatatuuliza kama walikuwa rafiki zetu. Irene alilijua hilo, akalilipia kwa uhai wake.

Tarehe 23 Mei 2015, huko Nyeri, Mwadhama Polycarp Kardinali Pengo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, alimtangaza kuwa Mwenyeheri kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko. Ilikuwa ni heshima ya Mama Kanisa kwa mtumishi huyu, na pia kumbukumbu ya wapagazi wetu aliowafumba macho, ambao wengi wao hawana kaburi linalojulikana.

Basi, kabla mwezi huu haujaisha, kila mmoja wetu amtafute mgonjwa mmoja ambaye moyo wake unasita kumwendea. Mwenyeheri Irene Stefani, utuombee.