Tusome Hoja Kabla ya Jina

Muhula uliopita nilimpa mwanafunzi wangu mmoja makala ya gazeti ayachambue kiisimu. Alilitazama jina la mwandishi, akalitambua kabila lake, akanirudishia makala bila ya kusoma hata aya moja. Nilitaka kumkemea, lakini nikakumbuka kwamba hata mimi nimewahi kufanya vivyo hivyo. Basi nikamsimulia maisha ya Pio Gama Pinto.

Pinto alizaliwa Nairobi mwaka wa 1927, wazazi wake wakiwa Magoa. Alisomea India, na aliporejea mwaka wa 1949 akajitosa katika siasa za ukombozi na uandishi wa magazeti. Ukoloni ulikuwa umewatenga watu kwa rangi, kila mmoja na mtaa wake, shule yake na hospitali yake. Katika mpango huo Mhindi hakutarajiwa kuitetea ardhi ya Mwafrika. Pinto aliitetea, tena akawasaidia wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka wa 1954 serikali ilimtia kizuizini, akapelekwa kisiwani Manda. Hakupata uhuru wake hadi 1959.

Alipotoka hakunyamaza. Alianzisha gazeti la chama cha KANU, kisha akashiriki kuunda shirika la Pan African Press, lililochapisha Sauti ya Mwafrika. Mwaka wa 1964 aliingia Bungeni. Tarehe 24 Februari, 1965, akiwa na umri wa miaka 37, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands, bintiye mdogo akiwa garini.

Siku hizi kumnyamazisha mwandishi hakuhitaji kisiwa. Akiandika lisilopendeza, watu hulichungua jina lake, wakamwita msaliti wa jamii yake au adui wa jamii yao, na kumshinikiza mhariri amfute kazi kabla ya jua kutua. Sisemi asikosolewe, akidanganya, na aumbuliwe kwa ushahidi. Wala sisemi kwamba asili ya mtu haiathiri mtazamo wake. Ninalosema ni kwamba asili si hoja, na lau wazalendo wangalimpima Pinto kwa jina lake, wangalimpoteza mwenzao wa dhati.

Mwanafunzi aliyachukua makala yale. Kesho yake alirudi akiyapinga kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hoja nzito. Nami nilifurahi, maana safari hii alikuwa ameyasoma.