Babe Ruth na Bruda Aliyemfundisha Kupiga Mpira



Vijana wapendwa, wengi wetu besiboli hatuichezi wala hatuifuatilii. Mimi mwenyewe nilijua jina moja tu: Babe Ruth. Kilichonifanya nianze kumsoma si mpira, ni mazishi yake. Agosti 1948, maelfu ya watu walipita kumuaga katika uwanja wa Yankees, New York, kisha Misa ya mazishi ikafanyika katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, Kardinali Spellman akiongoza. Nikajiuliza: mcheza mpira aliyesifika kwa pombe na starehe, Kanisa lilimjuaje?

Nakiri kwamba nilikuwa natafuta hadithi safi ya kuwaletea. Sikuipata.

Jina lake halisi ni George Herman Ruth, aliyezaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1895. Wazazi wake waliendesha baa. Kati ya watoto wao wanane, waliokua ni wawili tu: yeye na dada yake Mamie. Mtoto akawa mtundu, wa mitaani, haendi shule. Mwaka 1902, akiwa na miaka saba, alipelekwa shule ya bweni ya Mtakatifu Maria, iliyokuwa ya Mabruda Waksaveri. Akaishi huko akitoka na kurudi hadi 1914.

Hapo ndipo nilipokutana na mtu ambaye sikumtafuta: Bruda Matthias. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, ndiye msimamizi wa nidhamu. Jioni alichukua fimbo ya besiboli akapiga mipira juu kabisa, wavulana wakaikimbilia. Ruth alimpenda sana, mpaka akawa anaiga namna yake ya kutembea. Shuleni alifundishwa kushona mashati, akafundishwa na kusali. Lakini zaidi ya yote, alipata mtu mzima mwenye muda naye.

Mwaka 1914 akatoka, miaka kumi na tisa, akaingia kwenye mpira wa kulipwa. Akawa mrushaji hodari wa Boston, kisha akauzwa Yankees. Mwaka 1927, katika msimu mmoja, alipiga mipira 60 iliyovuka uzio. Hadi anastaafu mwaka 1935 alikuwa amefikisha 714. Hakuna aliyewahi kufika hapo kabla yake.

Na pesa ikaja. Basi, ndugu zangu, kijana aliyetoka bwenini hana kitu, ghafla ana kila kitu. Pombe, wanawake, usiku kucha nje. Mwaka 1925 kocha wake alimsimamisha na kumtoza faini ya dola 5,000. Aliishi mbali na mke wake Helen, hadi Helen alipofariki kwa moto wa nyumba mwaka 1929. Siwezi kuyafunika haya ili hadithi ipendeze.

Aristotle anatufundisha kwamba fadhila hujengeka kwa mazoezi, tendo baada ya tendo. Ruth alilithibitisha hilo uwanjani: mikono yake haikuacha kufanya mazoezi. Nje ya uwanja ndiko alikoacha.

Hata hivyo hakusahau alikotoka. Shule ilipoungua mwaka 1919, alisaidia: bendi ya wavulana ilisafiri na timu yake mwaka 1920 ikichangisha fedha za kuijenga upya. Alimnunulia Bruda Matthias gari aina ya Cadillac. Na watoto wagonjwa hospitalini hakuchoka kuwatembelea.

Kuna jambo moja dogo lililonigusa. Mwaka 1934, akitafuta pasipoti ya kwenda Japani, ndipo alipogundua kuwa amekosea umri wake kwa mwaka mzima. Nchi nzima inamjua, yeye mwenyewe hajui siku aliyozaliwa!

Mwaka 1946 saratani ikampata. Usiku kabla ya upasuaji alimwita padre, akaungama, na asubuhi akapokea Komunyo. Mvulana mmoja alimtumia medali ya Bikira Maria, naye akaivaa kwenye nguo zake za kulalia. Alifariki Agosti 16, 1948, siku moja baada ya Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, akiwa na miaka 53.

Bruda Matthias hakuuona usiku ule wa maungamo. Alikuwa amefariki mwaka 1944. Alipanda mbegu, akaenda zake.

Hapo nilinyamaza kidogo. Sisi tunaofundisha watoto katekisimu, kuongoza kwaya au kulea wadogo zetu, tunataka kuona matunda Jumapili ijayo. Tusipoyaona tunakata tamaa. Kumbe kazi yetu ni kupanda tu. Na wewe uliyekaa mbali na kitubio, usijidanganye kwamba una muda: Ruth alipewa miaka kama miwili baada ya ugonjwa, si kila mtu anapewa. Lakini mlango haujafungwa.

Wiki hii, mkumbuke mtu aliyekufundisha kufanya ishara ya msalaba. Kama yupo hai, mpigie simu umshukuru. Kama ametangulia, mtolee fumbo moja la rozari. Kisha tafuta siku ya kuungama.

Ee Bwana, uwape pumziko la milele George na Bruda Matthias, na mwanga wa milele uwaangazie. Amina.